Malalamiko kuhusu gari linalojizima kwenye foleni na kugoma kuwaka

Mbezi Mwisho,
Dar es Salaam.
11 Machi 2024

Meneja Mauzo,
Yadi ya Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: GARI MLILONIUZIA LIKIWA NA BETRI ISIYO YAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dereva wa teksi mtandao. Tarehe 20 Januari mwaka huu nilinunua kwenu gari dogo la Kijapani la mwaka 2014, injini ya cc 1000, pistoni tatu, otomatiki. Kijana wenu wa mauzo alilisifia sana: ukisimama kwenye taa linajizima lenyewe, ukiachia breki linawaka, mafuta linanusa tu. Mtu anayekula foleni ya Kimara hadi Ubungo kila siku hahitaji kubembelezwa kwa maneno kama hayo. Nikalipa.

Kujizima kwenyewe sina ugomvi nako, ingawa kiyoyozi kinakata kwa sababu kompresa yake inazungushwa na injini, na abiria wa saa nane mchana huanza kujipepea na kunitazama kwenye kioo. Ugomvi wangu ni kuwaka.

Ijumaa tarehe 1 Machi nilimbeba abiria kutoka Tabata kwenda uwanja wa ndege. Taa za Tazara, chini ya daraja la Mfugale, zikatushika. Injini ikazima kama kawaida yake. Taa ziliporuhusu nikaachia breki: stata ikalia ka-ka-ka, dashibodi ikafifia, kisha kimya. Nikaweka gia ya P, nikazungusha ufunguo, yale yale. Nyuma yangu lilikuwa lori la kontena linalotoka upande wa Ubungo kwenda bandarini, na honi yake nadhani ilisikika hadi Buguruni. Wakaja vijana wawili wenye moyo mzuri kutaka kusukuma, ikabidi niwaeleze kwamba otomatiki haisukumwi ikawaka, tulisogeze pembeni tu. Abiria akatazama saa, akashuka, akapakia begi lake kwenye bodaboda. Simlaumu, ndege haimsubiri mtu. Hata nyota moja aliyonipa simlaumu.

Dereva mmoja wa daladala ndiye aliyeniazima moto kwa waya. Gari likawaka, na yule dada wa Kijapani aliyemo kwenye redio akaanza maneno yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza, Mwenge na Kibo, nililirudisha kwenu. Mara ya kwanza niliambiwa, "Magari haya ndivyo yalivyo, utazoea." Mara ya pili nikaonyeshwa kitufe chenye herufi A iliyozungukwa na mshale, kwamba nikikibonyeza mfumo unalala. Kweli unalala, ila ukizima gari na kuliwasha upya umeshaamka, na kazi yangu ni ya kuzima na kuwasha kutwa nzima. Nilipolalamikia hilo, fundi wenu akanishauri niendeshe bila kufunga mkanda, kwa sababu mfumo ukiona mkanda wa dereva haujafungwa hauzimi injini. Ndugu Meneja, huo ndio ushauri wa yadi inayouza magari! Nihatarishe kifua changu, na trafiki akinikamata nilipe Sh 30,000, ili nyinyi msifungue boneti.

Boneti aliifungua fundi umeme wa mtaani kwetu, na hakutumia hata dakika tano. Betri iliyofungwa ni NS40 ya kawaida. Kibandiko cha Kijapani kilichobaki ndani ya boneti kinasema M-42, betri iliyotengenezwa kwa ajili ya magari yanayojizima. Kwa boksi zinalingana, ndiyo maana NS40 ilikaa bila shida na mnunuzi kama mimi hawezi kugundua. Kilicho tofauti ni cha ndani: M-42 inavumilia kutoa moto mwingi mara nyingi na inapokea chaji haraka injini inapofanya kazi. Betri ya kawaida haikuundwa hivyo. Siku moja nilihesabu kutoka Mbezi hadi Posta, injini ilizima mara 31. Gari lisilo na mfumo huu lingewashwa mara moja tu, asubuhi. Betri ile ilikuwa inakamuliwa kila baada ya mita chache za foleni, bila muda wa kujaa.

Pia fundi huyo alipima akasema hata mngefunga betri sahihi, kompyuta ya gari inatakiwa kufutiwa kwa mashine hesabu ya matumizi ya betri ya zamani, na hilo halikufanyika.

Kwenye maduka ya betri niliambiwa M-42 inakaribia bei ya NS40 mbili. Sina haja ya kukisia zaidi kwa nini ilifungwa ile ya rahisi. Ila mtu aliyeifunga alikuwa amesimama mbele ya kibandiko kile kile alichokiona fundi wangu.

Naomba yafuatayo yafanyike kabla ya tarehe 25 Machi: mnifungie M-42 mpya kwa gharama zenu na kompyuta ifutwe hesabu, stata ikaguliwe nikiwepo, maana imelia ka-ka-ka mara tatu na sitaki ife mwezi ujao nikaambiwa ni uzembe wangu, na nirudishiwe pesa ya fundi, ambayo risiti yake nimeambatanisha. Siku mbili nilizokaa bila kazi nimeziandika kwenye karatasi ya pili. Tuzungumze.

Nikifika tarehe hiyo bila majibu ya maandishi, nitapeleka nakala ya barua hii pamoja na picha za betri na kibandiko kwa Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa kazi ya kumlinda mlaji.

Nilipopita yadini Jumamosi niliona mna mengine mawili ya aina hii, meupe, karibu na geti. Fungueni boneti zake kabla hayajauzwa.

Wenu,

(sahihi)
Mteja wa tarehe 20 Januari
Namba yangu ya simu ipo kwenye mkataba wa mauziano