Risala ya Darasa la Jioni la Watu Wazima, Abayudaya wa Mbale, kwa Mgeni Rasmi Siku ya Siyumu

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mheshimiwa rabi,
Mwenyekiti wa sinagogi na kamati yako,
Wazee wetu, na majirani zetu Waislamu na Wakristo mliotuitikia,
Wanafunzi wenzangu,

Shalom.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako Nairobi na kuvuka mpaka wa Malaba kuja kufurahi nasi siku hii ya siyumu, yaani sherehe ya kumaliza kusoma kitabu. Risala hii tumeiandika kwa Kiswahili kwa ajili yako. Sisi wenyewe tunakitumia zaidi sokoni, kwa hiyo palipopinda utuwie radhi.

Historia yetu ni ndefu na jua linazidi kupanda, tutapita haraka. Jamii hii ya Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, ilianzishwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatwalia Waingereza upande huu wa mashariki akiamini kwamba watamfanya mfalme wa Bukedi. Hawakumfanya. Utaona kwamba mambo ya kusubiri tulichokitarajia tuliyaanza mapema. Mwaka 1919, baada ya kuisoma Torati mwenyewe, Kakungulu alitahiriwa pamoja na wanawe. Mwaka 1922 akatoa kitabu cha mafundisho kwa Kiganda. Akafariki Novemba 1928. Idi Amin alitupiga marufuku, na hadi alipoangushwa mwaka 1979 sinagogi zilikuwa zimefungwa, wengi wamehamia dini nyingine, na waliobaki, mia chache tu, walikuwa wakisali kwa kujificha. Mwaka 2008 Gershom Sizomu, kijana wa hapa hapa, alipata urabi wake Los Angeles. Yaliyobaki wazee watakusimulia wakati wa chakula, na hawatakuacha mpaka wamalize.

Darasa letu limetokana na miaka ile ya marufuku. Wengi wetu tulikuwa watoto wakati huo, na mtoto aliyekatazwa kuitwa Myahudi hakufundishwa alefu wala beti, herufi za kwanza za Kiebrania. Tulipokuwa huru kusali, watoto wetu wakaanza kutuzidi. Mzazi anashika kitabu cha sala juu chini, mwanawe anakigeuza polepole ili wageni wasione. Ndipo tukaamua kuanza upya, Jumanne na Alhamisi jioni kwa kuandika na kusoma, na Shabati, yaani Jumamosi, mchana kwa mazungumzo tu, kwa kuwa siku hiyo kalamu hazishikwi. Rabi alitutia moyo kwa habari za Rabi Akiva, aliyeanza herufi akiwa na miaka 40, ameketi na mwanawe mbele ya mwalimu mmoja.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mafanikio yetu ni makubwa mno. Wanafunzi wameongezeka kutoka 9 hadi 23. Tuna maktaba, ambayo ni lile sanduku la bati unaloliona pale chini ya mwembe. Tuna ushirikiano wa kimataifa: ndugu zetu wa Kasuku, kule Nyandarua nchini Kenya, walitutumia nakala za sala ya baada ya chakula kwa basi, zikafika salama isipokuwa ukurasa wa mwisho. Yupo mama mmoja, muuza nyanya, mwenye umri wa miaka 61, ambaye sasa anaisoma Shema, ile sala ya "Sikia, Israeli", peke yake. Mstari wa kwanza hufunika macho kwa mkono wa kulia kama desturi ilivyo, kwa hiyo huo anaujua kwa moyo. Kuanzia wa pili kidole chake cha shahada kinatambaa chini ya kila nukta, na mjukuu wake wa darasa la tatu amekatazwa kumsaidia. Leo tumemaliza sura zote 6 za Pirkei Avot, kitabu cha mafundisho ya wahenga wetu, na siyumu hii ndiyo ya kwanza kwetu. Wapo watakaosema karamu ya siyumu ni ya aliyemaliza kitabu cha Gemara, ile mijadala mirefu ya marabi wa kale. Sisi kuku wetu tutamla kwa dhamiri safi.

Sasa tuingie katika jambo tulilokuitia. Mtoto mwenye njaa hafichi sahani, nasi hatutazunguka.

Sinagogi yetu ni chumba kimoja. Jioni kinakuwa na watoto, na baada yao sala ya usiku, kwa hiyo darasa la watu wazima halina pa kukaa. Tuliamua kujenga. Matofali tuliyanunua kwa pesa zetu za kahawa, mchanga tuliubeba mtoni kwa vichwa, na kuta za futi 20 kwa 36 zikasimama hadi kwenye lenta. Hapo nguvu zikaisha. Kuta hizo ziko nyuma yako, Mheshimiwa. Majani unayoyaona yakichungulia dirishani yameota ndani, na mbuzi aliyefungwa humo tunaomba radhi, tulimwambia mwenyewe amtoe tangu jana.

Hatukukaa kimya. Mgeni rasmi wa kwanza aliyeziona kuta hizi alizigonga kwa kiganja, akazisifu, akaahidi mabati yote kabla ya Pesaka, yaani Pasaka yetu. Hakutaja Pesaka ya mwaka gani. Wa pili alipiga picha nyingi, akasema akifika nyumbani tu atatuma. Tunaamini bado yuko safarini, na kila Shabati tunamwombea afike salama. Wa tatu alikata utepe. Tulimweleza kwamba jengo halijaisha, akasema utepe hauna shida. Wote watatu tunawaheshimu na majina yao tunayahifadhi.

Mheshimiwa, mvua za mlima Masaba, yaani Elgon, unazisikia huko kwenu. Mwaka 2022 mito ilifurika hapa Mbale ikaua watu, na sisi ambao mito haikutufikia tulilowa vya kutosha. Tunasomea chini ya mwembe. Mvua ikianza ghafla, tunakimbiza kwanza mtu mzima asiyeona vizuri, pili taa, tatu vitabu, na vitabu ndivyo vinavyochelewa. Kwa dini yetu, kitabu chenye Jina la Mungu kikiharibika hakitupwi jalalani wala hakichomwi. Kinazikwa kwa heshima. Baada ya masika yaliyopita tulichimba shimo pembeni mwa makaburi, tukazika vitabu 14 vya sala na chumashi 3, yaani vitabu vya Torati, zilizokuwa zimevimba na kushikana kurasa. Kwenye sanduku vimebaki 11. Kwa hesabu hiyo sehemu kubwa ya maktaba tuliyoisifia iko chini ya ardhi.

Katika Pirkei Avot, sura ya kwanza, Shamai anafundisha mambo matatu: uifanye Torati yako iwe na wakati wake usiobadilika, useme machache na utende mengi, na umpokee kila mtu kwa uso mchangamfu. Darasa lilikwama hapo jioni nzima. Tulikubaliana kwamba la kwanza tunalishika, maana siku zetu hazijawahi kuhama. La tatu tunalishika, na wageni wetu wote ni mashahidi. La katikati tukaona linawahusu wageni zaidi. Rabi akaongeza kwamba wahenga wetu walimtolea mfano Ibrahimu, aliyewaambia wapita njia atawaletea kipande cha mkate, akawachinjia ndama. Na kinyume chake Efroni, aliyetangaza mbele za watu kwamba shamba anatoa bure, kisha akapokea shekeli 400. Hatusemi kwamba yeyote aliyewahi kusimama hapa ni Efroni.

Tunachoomba ni hiki: mabati 36 ya futi 12, geji 28, kofia za paa na misumari ya bati. Mbao za kenchi na papi tunazo, tumepasua mikaratusi yetu wenyewe, na fundi ni mwanafunzi wa darasa hili, hatadai hata shilingi. Sola, mbao mpya za kuandikia na baiskeli ya mwalimu tuliviandika katika rasimu ya kwanza, kamati ikavifuta, maana mwomba mengi huishia kupewa pole.

Pesa mkononi hatutaki. Duka la vifaa vya ujenzi liko mjini, nawe utalipita ukirudi. Ukilipa pale, bati litakuja na lori, na risiti utabaki nayo wewe. Wala hatukuombi utuahidi leo mbele ya watu. Mhubiri ametufundisha kwamba ni heri kutoweka nadhiri kuliko kuiweka bila kuitimiza, nasi tusingependa kumtia mgeni wetu katika deni na Mwenyezi Mungu. Kama uwezo haupo, tuambie haupo, tutakushukuru vilevile na kuku utakula.

Kitabu cha wageni utaletewa sasa hivi. Tunakuomba uandike jina na tarehe tu, kwa kuwa nafasi ya maoni imejaa. Kabla ya kunawa mikono, fundi atakupitisha ndani ya kuta na futi kamba yake ili uhakikishe vipimo mwenyewe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanafunzi wa Darasa la Jioni