Maji ya ukutani si osmosisi

Mhariri,

Tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikisoma na kunyamaza. Lakini ile makala yenu ya nyumba za Mji wa Kale, iliyosema unyevu "hupanda ukutani kwa osmosisi", imenishinda.

Osmosisi si jina la kila maji yanayopenya. Asili yake ni Kigiriki, osmos, yaani msukumo. Mwanasayansi Mfaransa Dutrochet alilitumia miaka ya 1820 alipoona maji yakipita kwenye utando mwembamba kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi. Aliunda maneno mawili, endosmosi na eksosmosi. Mkemia Mskoti Thomas Graham akayafupisha mwaka 1854. Bila utando hakuna osmosisi. Jiwe la matumbawe lina vitundu tu, na maji hupanda humo kama mafuta ya taa kwenye utambi. Ukuta unanyonya. Neno tunalo.

Mtaniambia ni neno tu. Fundi aliyekuja nyumbani kwa bi mkubwa, Kibokoni, alilisema neno hilo hilo: "Mwalimu, hii osmosisi, tupige saruji ya kuzuia maji." Mimi sikuwapo siku ya kazi. Akabandua chokaa yote ya zamani, chokaa iliyokuwa ikiuacha ukuta upumue, akapiga saruji kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua. Maji yalipokosa pa kutokea yakapanda juu ya saruji, chumvi ikachanua nyeupe mpaka karibu na boriti, na msimu wa kusi plasta ikaporomoka vipande vipande, kimoja juu ya kitanda cha mama. Alikuwa ametoka kwenda kutia udhu. Kila nikikumbuka, mikono hunitetemeka. Ugonjwa ukipewa jina si lake, hupewa na dawa isiyo yake!

Na huo mchanga wa kuchanganyia saruji! Siku hizi unachotwa pwani usiku, haujaoshwa, chumvi tele, ndio unaopigiwa kuta hizo hizo. Hilo hamjaliandika.

Naomba mwandishi wenu aende Marikiti anunue embe bichi moja. Alikate vipande, alitie chumvi baada ya Magharibi, aliache bakulini hadi Isha. Maji atakayoyakuta chini, yaliyotoka ndani ya embe kupitia utando wa seli zake, hayo ndiyo ya osmosisi. Kisha achovye ncha ya kitambaa kikavu kwenye kikombe cha maji, atazame yanavyopanda. Mkimaliza, chapisheni sahihisho ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Mwalimu mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa