Msituandikie asilimia peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongezee katika habari mliyochapa kuhusu sindano ya tirzepatide, dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito, kujaribiwa kwa watu wanene ambao sukari yao imepanda lakini haijafikia kiwango cha kisukari. Mliyoandika ni kweli. Katika utafiti huo uliofuatilia watu 1,032 kwa takriban miaka mitatu, waliochomwa dawa hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 94 ikilinganishwa na waliochomwa sindano isiyo na dawa. Ila habari iliishia hapo, na mimi niliyefanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya kisukari hadi kustaafu najua asilimia kama hiyo ikishafika mtaani inafanyiwa nini.

Mwaka 1996 Marekani ilianza utafiti mkubwa ulioitwa Diabetes Prevention Program, katika vituo 27, kwa watu zaidi ya 3,000 wenye sukari ya namna hiyo. Kundi moja lilipewa metformin, vidonge vya kisukari, miligramu 850 mara mbili kwa siku. Jingine lilipewa kidonge kisicho na dawa. La tatu lilifundishwa kula vizuri, kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Matokeo yaliyochapwa Februari 2002 yanajulikana: metformin ilipunguza kisukari kwa asilimia 31, chakula na mazoezi kwa asilimia 58.

Lakini kulikuwa na kundi la nne, na hilo halitajwi sana. Watu 585 walipewa troglitazone, dawa ya kisukari iliyouzwa kwa jina la Rezulin. Mei 1998 mshiriki mmoja, mwalimu, alifariki baada ya ini lake kushindwa kufanya kazi. Hata kupandikizwa ini jingine hakukumwokoa. Mwezi uliofuata kundi hilo lilisimamishwa. Uingereza dawa hiyo ilikuwa imeshaondolewa sokoni tangu Desemba 1997, ilhali Marekani iliendelea kuuzwa hadi Machi 2000.

Watafiti walipokuja kupiga hesabu ya miezi ile michache, walikuta troglitazone ilikuwa imepunguza kisukari kwa asilimia 75. Katika makundi mengine matatu hakuna lililofikia hapo! Kama mwaka ule gazeti lingeandika asilimia tu, dawa iliyomuua mwalimu yule ndiyo ingesifiwa kuliko zote. Mwaka 2006 yakachapwa matokeo ya rosiglitazone, ya jamii hiyohiyo, iliyojaribiwa kwa watu zaidi ya 5,200 ambao nao walikuwa hawajafikia kisukari. Ilipunguza kisukari kwa takriban asilimia 60, na humohumo moyo ukashindwa kufanya kazi vizuri kwa watu 14 waliotumia dawa, dhidi ya 2 kwa wasioitumia.

Mgonjwa mwenye sukari ya 20, yaani ya juu sana, tukimpa dawa yenye madhara, tunapima madhara hayo dhidi ya figo, macho na miguu anayoweza kupoteza kesho. Mtu ambaye sukari yake imepanda kidogo haumwi kitu. Anaamka, anakwenda shamba, anarudi. Wengi wa namna yake hawatapata kisukari miaka mitatu ijayo hata wasipomeza chochote. Kwa mtu huyo kipimo cha usalama lazima kiwe kikali zaidi, na anayejitolea kujaribiwa dawa ana haki ya kuambiwa hivyo kwa lugha anayoielewa kabla hajaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa.

Nasema haya kwa sababu naona kinachotokea kwa hiyo metformin, dawa ambayo kwa kweli ni nzuri, ya siku nyingi na ya bei nafuu. Jirani yangu mmoja, mama aliyekwishavuka miaka 65, alipima wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c), ikaja asilimia 5.9, yaani imepanda kidogo tu. Mwanawe akasoma kwenye simu kwamba metformin inazuia kisukari, akamnunulia duka la dawa bila cheti cha daktari. Nilimkuta amekonda, anaharisha, anakunywa uji tu. "Nesi, si nasikia zinazuia?" akaniuliza, paketi ameishika mkononi. Katika utafiti uleule wa Marekani, waliofikisha miaka 60 hawakupata faida ya maana kutokana na metformin, ilhali kwa chakula na mazoezi wao ndio waliofaidika kuliko wote, kwa asilimia 71. Waliofaidika zaidi na kidonge walikuwa vijana kiasi, wanene sana, na wanawake waliowahi kupata kisukari cha ujauzito. Kijana yule hakuwa na pa kuyasoma hayo. Alisoma asilimia moja, akatoa hela yake akijua anamtunza mama.

Mhariri, waandishi wana nguvu kubwa katika jambo hili. David Willman wa Los Angeles Times alifuatilia Rezulin na dawa nyingine zilizoidhinishwa Marekani huku zikiwa na hatari, na mwaka 2001 akapewa tuzo ya Pulitzer. Siwaombi muende umbali huo. Naomba kila mnapochapa matokeo ya dawa iliyojaribiwa kwa watu wasioumwa, mtuambie kati ya watu 100 ni wangapi walipata ugonjwa kila upande, ni madhara gani yaliyoonekana, na ilikuwaje walipoacha. Kwa sindano mliyoiandika, waliopata kisukari walikuwa takriban 1 kati ya 100 kwa wenye dawa na 13 kwa wasio nayo. Wiki 17 baada ya sindano kusimamishwa, wale wa dawa walishafika zaidi ya 2 kati ya 100 na uzito ulikuwa umeanza kurudi. Semeni pia sindano hiyo inauzwaje hapa kwetu kwa mwezi na mtu atatakiwa kuichoma hadi lini, maana wapo wasomaji wenu ambao wameshaanza kuiulizia madukani.

Muuguzi mstaafu,
Tanga