Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Marafiki wa Maktaba ya Chuo, Moshi

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe.

Shughuli za kawaida mnazijua. Kamati ilikaa mara 4, vitabu vilivyochakaa vilijalidiwa, na baada ya masika tulianika vilivyoingia unyevu. Mapato shilingi 775,000, matumizi 702,000, salio 73,000. Daftari la mhazini liko wazi kwa yeyote.

Niingie kwenye lile lililozua maneno. Kati ya vitabu 33 tulivyonunua, vya theolojia ni 6 tu. Vingine ni vya historia, fasihi na biolojia, na kimoja ni tafsiri ya Qurani. Wapo walionipigia simu, wapo waliosemea pembeni, kwamba maktaba ya chuo cha Kikristo inapotoshwa. Pendekezo lilikuwa langu, kamati ikaridhia, na katiba yetu inaipa kamati mamlaka hayo. Rafu za namba 200, yaani za dini katika mpangilio wa maktaba, zimejaa hadi vitabu vimelazwa juu ya vingine. Kwenye namba 500, za sayansi, unapitisha mkono mbao tupu. Chuo hiki hakitoi wachungaji peke yao. Mwalimu wa biolojia wa sekondari ya Kibosho au Machame naye anatoka humu, naye akasome wapi?

Kuhusu Qurani, tafsiri kamili ya kwanza ya Kiswahili, ya mwaka 1923, ilifanywa na padri wa Kianglikana, Godfrey Dale. Waislamu hawakuridhika nayo, wakaja kutoa zao. Sisi tumenunua ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ya 1969, kwa kuwa imani ya mtu ni haki tuisikie kwake mwenyewe. Jumanne moja nilimkuta binti wa mwaka wa pili, Biblia kushoto, Qurani kulia, amepiga mstari katikati ya karatasi: huku Yusufu wa kitabu cha Mwanzo, kule Yusufu wa sura ya 12. Hakuna mwalimu aliyemtuma. Nilisimama pale nikamshukuru Mungu, na uamuzi ule nitausimamia hata leo.

Linaloniumiza ni mahudhurio. Mkutano wa Agosti tulibeba viti 40 kutoka kanisani. Walikuja watu 9, wanne wakiwa wanakamati. Ada ya 20,000 wamelipa 23 kati ya wanachama 64. Paulo akiwa kifungoni, majira ya baridi yanakaribia, alimwagiza Timotheo joho na vitabu kwa pamoja. Sisi tulio huru tunashindwa ada ya mwaka mzima, na baadhi ya wanaolalamikia vitabu majina yao hayamo kwenye orodha ya waliolipa. Nimelipia nauli za kufuatilia vitabu hivyo mfukoni mwangu, wala sidai.

Mwakani, Mungu akitujalia, tunatarajia kuongeza rafu na kutafuta kompyuta ya orodha ya vitabu. Mkutano huu tumeuweka Desemba makusudi, ili hata mlioko Dar es Salaam uwakute mkiwa nyumbani kwa Krismasi. Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha risiti.