Rejesho la kila wiki kwa shamba linalovunwa mara moja kwa mwaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mikopo binafsi inayopatikana kwetu vijijini, hasa ile midogo ya shilingi laki moja hadi laki tano ambayo mtu huitafuta anapouguliwa, anapotakiwa kumnunulia godoro na sare mtoto aliyechaguliwa kwenda shule ya bweni, au anapokosa mbegu ilhali mvua imekwisha kunyesha. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, na kwa miaka sita sasa ni katibu wa kikoba chetu, yaani kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana. Yanayosemwa na kuandikwa kuhusu mikopo hii mara nyingi ni juu ya ukubwa wa riba. Riba inaumiza, sikatai, lakini liko jambo jingine ambalo sioni likitajwa: mikopo karibu yote inayotufikia imepangwa kwa kalenda ya mwenye genge la mjini, anayeshika fedha kila siku, wakati wengi wetu tunashika fedha ya maana mara moja tu kwa mwaka.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Desemba na kuishia Aprili, nao hauaminiki, kwa maana mvua yaweza kukatika Februari kwa wiki mbili au tatu mazao yakiwa yanaanza kuchanua. Ukiwaacha wenye mashamba ya zabibu kule Hombolo na Mpunguzi, ambao huvuna mara mbili kwa mwaka, sisi wa mtama, uwele, karanga na alizeti huvuna kuanzia Mei. Kwa hiyo Juni mpaka Septemba mtu ana fedha, na Desemba mpaka Machi hana kitu, na ni katika miezi hiyo hiyo ya ukata ndipo palizi, mbegu, chakula na mahitaji ya shule humjia kwa pamoja.

Mwaka jana katikati ya Januari jirani yangu, mama anayelea watoto wanne peke yake, alichukua mkopo wa shilingi 300,000 kwa mkopeshaji anayetoka mjini kwa pikipiki. Nilikuwa mmoja wa wadhamini wake wawili, kwa hiyo fomu niliiona kwa macho yangu. Kabla hajakabidhiwa fedha zilikatwa shilingi 30,000 za fomu na kile kilichoitwa bima, akaondoka na 270,000. Alitakiwa kurejesha 30,000 kila Jumatatu kwa wiki 12, yaani jumla 360,000, na rejesho la kwanza lilidaiwa siku ya saba, wakati mbegu aliyoinunua kwa fedha hiyo haijachipua hata jani moja. Rejesho la mwisho liliangukia wiki ya pili ya Aprili, na alizeti yake ilikuwa bado imesimama shambani ikiwa mbichi. Hakuna hesabu yoyote, hata ile niliyokuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la tatu, ambayo ingemwezesha mama yule kuulipa mkopo huo kwa zao ambalo kwa ajili yake aliukopa.

Alilipaje basi? Wiki tatu za mwanzo alirudisha fedha ile ile aliyokopeshwa, na kwa ajili hiyo palizi ya kibarua aliyoikusudia hakuifanya. Wiki ya nne na ya tano aliuza kuku. Mwezi Machi, mwezi ambao kila mtu anauza mbuzi na hakuna wa kununua, aliuza mbuzi watatu mnadani kwa bei ambayo mnunuzi mwenyewe aliitaja huku akitazama pembeni. Mwishoni akamwachia mfanyabiashara ekari moja ya alizeti ikiwa shambani, kwa fedha ambayo ilimalizia marejesho mawili na kununua unga. Nilipomwomba yule afisa mikopo amsogezee hadi Juni, kwa riba ile ile, alinijibu kwa heshima kabisa, "Mwalimu, sisi hatulimi, sisi tunakusanya."

Nimekuwa nikilitafakari jibu lile. Kwa upande mmoja lina ukweli wake, kwani mtu anayesafiri kilomita nyingi kwa gharama zake ili akusanye vijisehemu vya fedha anaogopa mvua kuliko tunavyoiogopa sisi, na rejesho la kila wiki humsaidia kumtambua mapema mdaiwa anayeanza kuyumba. Lakini kumtambua kuwa anayumba kunasaidia nini ikiwa ni ratiba yenyewe iliyomyumbisha?

Nirudi kidogo kwenye riba, maana lazima niitendee haki. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma hizi katika madaraja manne: la kwanza ni taasisi zinazopokea amana, la pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, la tatu ni SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, na la nne ni vikundi vya kijamii kama vikoba vyetu. Daraja la pili liko chini ya leseni na usimamizi wa Benki Kuu, na ukomo wa riba uliotangazwa kwao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 300,000 wa miezi mitatu, hata ukihesabu juu ya mkopo wote bila kujali kwamba deni linapungua, riba haizidi shilingi 31,500. Jirani yangu alilipa 60,000, mbali na zile 30,000 zilizokatwa mwanzoni. Si bure watu wanaiita mikopo hii kausha damu. Na wanaodhani kuwa simu ingekuwa kimbilio wakumbuke kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali.

Atatokea msomaji aseme kwamba halmashauri zinatoa mikopo isiyo na riba. Zinatoa, kutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, nayo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 baada ya utaratibu kurekebishwa. Ni mikopo mizuri, lakini inakwenda kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, tena hasa waliojiunga katika vikundi vyenye mradi. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu ambaye usiku wa leo mwanawe amelazwa, na mzee wa umri wangu mwenye jembe lake hayumo katika makundi hayo matatu. Simlaumu mtu kwa hilo. Nasema tu kwamba haijibu swali ninalouliza.

Kinachobaki ni kikoba, nami sitakisifia kupita kiasi kwa sababu nakijua kwa ndani. Tuko wanachama 28, tunakutana kila Jumapili alasiri chini ya mkwaju ulio nyuma ya ghala la kijiji. Hisa moja ni shilingi 2,000 na mtu hununua hisa moja hadi tano kwa kikao, kila hisa ikigongewa mhuri katika kijitabu chake. Kisanduku kina makufuli matatu, na funguo zake zinakaa kwa watu watatu wa vitongoji tofauti, ambao hakuna hata mmoja wao aliye mwenyekiti, katibu au mhazini. Mwanachama hukopa hadi mara tatu ya hisa zake, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Ndiyo, inazidi ile 3.5 niliyoitaja hapo juu, na wanachama wenyewe wameniuliza sana juu ya hilo. Tofauti ni kwamba riba hiyo haiondoki kijijini kwa pikipiki, bali inabaki kisandukuni na kurudi kwao wenyewe tunapovunja mzunguko, yaani tunapogawana fedha za mwaka. Hata hivyo nakiri kwamba anayefaidi zaidi siku ya kugawana ni mwenye hisa nyingi, na anayekopa zaidi mara nyingi ni mwenye hisa chache.

Tatizo kubwa zaidi la kikoba ni lile lile la kalenda. Sote tunategemea mvua ile ile, kwa hiyo sote tunahitaji fedha siku moja. Jumapili moja ya Januari waliomba mkopo wanachama 19 kwa mkupuo, na kisandukuni mlikuwa na shilingi 640,000 tu, kwa kuwa tulikuwa tumegawana Desemba na fedha zikaliwa Krismasi. Kumbe mwezi Agosti kisanduku kinajaa mpaka tunaogopa wezi, na hakuna anayetaka kukopa. Mhazini wetu, mama asiye na maneno mengi, alikifunga kisanduku siku ile ya Januari akasema tu kwamba tunavunja mzunguko mwezi usiofaa.

Ndipo tulipobadilisha mambo mawili. Kwanza, tukahamishia mgawanyo mwanzoni mwa Novemba, kabla ya watu kutafuta mbegu na plau ya kukodi, na tukakubaliana kwamba sehemu moja kati ya tatu ya fedha isigawanywe bali ibaki kisandukuni kwa ajili ya Desemba na Januari. Pili, tukaanzisha mkopo wa shamba: anayekopa kati ya Desemba na Februari harejeshi chochote mpaka Juni, kisha hulipa mkopo na riba, iliyoshushwa hadi asilimia 3 kwa mwezi, kwa mara moja au mbili, mwisho tarehe 31 Julai. Wengi walidhani watu watakimbia na fedha. Msimu wa kwanza walikopa watu 11. Tisa walimaliza ndani ya muda, na wawili ambao mvua iliwakatikia wakaongezewa hadi Septemba wakalipa. Hakuna aliyechukuliwa kitanda wala sufuria. Lakini haikutosha: waliobaki bila mkopo Januari ile walikwenda kwa wakopeshaji, na wengine walikopa gunia moja la mahindi kwa mwenye duka ili warudishe mawili Juni, jambo ambalo mwenye uwezo wa kukokotoa asilimia na akokotoe.

Ninaloliomba kwa wakopeshaji wenye leseni, kwa SACCOS na kwa benki zenye matawi makao makuu ya wilaya ni kwamba wanapokuja vijijini waje na mkopo wa namna hii, unaosubiri mavuno. Wakiona mtu mmoja mmoja ni hatari, mwezi Novemba wakikopeshe kikoba kilichosajiliwa, nacho kiwakopeshe wanachama wake kinaowajua mashamba na tabia, kisha kilipe Julai na Agosti. Taarifa wanazohitaji tunazo: vijitabu vya hisa, daftari la mikopo la miaka sita, na baadhi yetu tuna hati za hakimiliki ya kimila, ambazo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 zinaweza kuwekwa rehani, ingawa binafsi singemshauri mtu aweke shamba lake lote rehani kwa ajili ya deni la palizi.

Kwa halmashauri nina ombi dogo ambalo halihitaji bajeti. Kila mkopeshaji anayeingia kijijini kwetu, mwenye leseni na asiye nayo, humtaka mkopaji alete barua ya utambulisho yenye mhuri wa mtendaji wa kijiji. Barua ya jirani yangu ilikuwa na mhuri huo, tena niliufuatilia mimi mwenyewe nikamsubiri mtendaji arudi kutoka kikaoni, bila yeyote kati yetu watatu kuuliza kama anayekopesha ana leseni. Watendaji wakiagizwa wasigonge mhuri kabla ya kuoneshwa nakala ya leseni ya mkopeshaji na jedwali la marejesho linalotaja fedha atakayopokea mkopaji mkononi, jumla atakayolipa na tarehe ya rejesho la kwanza, wengi wa hawa wa pikipiki hawataonekana tena, na wale watakaobaki tutaweza kuzungumza nao kuhusu tarehe hizo kabla fedha haijatoka, si baada ya mbuzi kuuzwa.

Pamoja na hilo, halmashauri ibandike katika kila ofisi ya kijiji orodha ya wakopeshaji wenye leseni wanaofanya kazi katika wilaya yetu pamoja na ukomo wa riba, na iibandike kabla ya Desemba. Ubao wa matangazo tunao. Mpaka naandika barua hii una tangazo moja tu, la chanjo ya kuku ya mwaka juzi.

Wako,
Mwalimu mstaafu na katibu wa kikoba,
Chamwino, Dodoma.