Masizi kidogo hayatoshi kupitisha umeme

Mhariri,

Mafundi wengi wanaotaka plastiki ipitishe umeme hutia masizi ya kaboni, ule unga mweusi wa kwenye matairi, asilimia 5, kisha hukata tamaa mita isipocheza. Umeme haupiti mpaka chembe zishikane mkufu mmoja. Kwa masizi ya kawaida ndani ya polietilini, ile plastiki ya mifuko, hilo huanzia kama asilimia 15 hadi 25 ya uzito, na hapo ukinzani, yaani nguvu ya plastiki kuzuia umeme, huporomoka ghafla, mara maelfu kwa maelfu.

Kausha masizi kwanza. Yakiwa na unyevu, bidhaa hutoka na vipovu. Tafadhali, msikoroge kupita kiasi: mkufu hukatika. Na kabla ya kupima, kwangua uso kidogo, kwani ngozi ya juu mara nyingi ni plastiki tupu.

Fundi wa plastiki,
Dar es Salaam