Mama Nasra, hiyo elfu 60 usiimalizie kwenye faundesheni

Shoga yangu Mama Nasra,

Asalaam aleikum. Natumai hapo Morogoro hamjambo wote, huku Dar tupo, joto tu na foleni. Voisi zako nimezisikiliza zote na picha nimeziona, sasa mi nikijibu kwa voisi nasahau nusu ya mambo, ndo maana nimekaa nikuandikie barua kabisa, ndefu, uisome mtoto akilala.

Nianze na hao majirani. Eti "Mama Nasra kaanza kujichubua". Waache waseme. Hayo madoa yako yamekaa mashavuni pande zote mbili na juu ya mdomo, na yameanza ulipokuwa na mimba ya huyu mdogo, hayo hata mtu akisimama mbali anajua ni ya uzazi. Madaktari wanayaita melazma. Homoni zikichangamka, iwe kwa mimba au vidonge vya majira, ngozi inamwaga rangi nyingi sehemu moja kuliko nyingine, afu jua linakuja kuyakoleza. Na si jua peke yake, hata joto linachangia, na wewe kila alfajiri uko mbele ya jiko la mkaa uso umeinamia vitumbua. Wengine yanafifia yenyewe miezi ikipita baada ya kujifungua, wengine yanang'ang'ania, kwa hiyo ukiweza pita kwa daktari wa ngozi akuangalie, na kama umerudi kwenye vidonge mwambie.

Ila ile krimu uliyosema dada wa dukani kakuonyesha, isiyo na boksi, ya kuchotwa kwenye kopo, hapana. Hapana kabisa. Huo ni mkorogo, hata akuapie. Humo ndani ndo wanapoweka hydroquinone na zebaki na zile dawa kali za steroidi, clobetasol na betamethasone. Hydroquinone na zebaki kwenye vipodozi hapa kwetu zimepigwa marufuku, na tangu 2019 vipodozi viko mikononi mwa TBS, shirika la viwango, ila mitaani bado vinauzwa chini ya meza. Wiki za kwanza utang'aa kweli, utasifiwa, afu ngozi inakonda, na hydroquinone ukiitumia muda mrefu inageuka inakuletea weusi wa kibuluu mashavuni ambao hautoki tena kirahisi. Wale kina mama unaowaona uso mwekundu vidole vyeusi kwenye viungo, wengi walianza na kidoa kidogo tu. Zebaki ndo usiseme, inapita kwenye ngozi mpaka kwenye figo, na wewe bado unanyonyesha.

Haya, tuje kwenye harusi ya mdogo wako na hiyo elfu 60 yako.

Umeniuliza faundesheni gani nzuri ya bei rahisi inayofunika. Mi nakwambia faundesheni huihitaji. Najua utashangaa maana kila mtu akiona doa anakimbilia faundesheni, tena ile nzito, anajisiliba uso mzima mpaka shingoni, matokeo yake doa bado linachungulia na uso umekuwa bapa hauna pua. Nimewapamba mabibi harusi wa kutosha huku Mbagala kujua hilo. Ngozi yako sehemu nyingine ni safi, paji la uso halina shida, kidevu hakina shida, sasa unafunika kitu gani? Funika doa, ngozi nzuri iache iwe ngozi. Halafu kwa elfu 60 ukinunua faundesheni oriji ya maana umebaki na nauli tu, ukinunua feki umejitafutia chunusi, na chunusi zikipona kwa ngozi zetu zinaacha madoa mengine meusi juu ya yale ya zamani.

Unachohitaji ni konsila mbili, ile krimu nzito ya kuficha doa. Moja ya rangi ya chungwa, moja ya rangi yako.

Ya chungwa ndo siri yenyewe. Doa la weusi ukiliangalia vizuri si jeusi tu, ndani yake kuna ubuluu na ukijivu, na ukipaka rangi ya ngozi moja kwa moja juu yake linatoka kijivu, ule ujivujivu wa mtu aliyesahau kupaka mafuta. Chungwa ndo linaloua ubuluu. Ni kama ukuta wenye alama ya maji, fundi akipiga rangi moja kwa moja alama inarudi kesho yake, lazima atangulize kitu cha kuiziba. Kwa wewe wa maji ya kunde chukua chungwa la kawaida, ile ya pichi iliyopauka ni ya weupe, na ile inayokaribia wekundu ni ya weusi zaidi yetu. LA Girl wana vityubu vyenye kibrashi juu, vya chungwa vipo, na ndo vya bei ninayoiona ya kibinadamu Kariakoo, ukibahatika unapata kwa elfu 10 na kitu. Usipoipata kabisa, lipstiki isiyong'aa ya rangi ya chungwa inafanya kazi ileile, wapambaji wengi wameanzia huko, ila ipake nyepesi sana maana lipstiki ina mafuta, inateleza.

Ya pili, ya rangi yako, hapa ndo watu wanapopigwa. Ukiomba konsila dukani watakupa ya kung'arishia chini ya macho, imekuzidi weupe rangi mbili tatu, na watakwambia "hii ndo inakutoa". Juu ya doa hiyo inakuletea kiraka cheupe mahali palipokuwa na kiraka cheusi. Wewe taka iliyo sawasawa na ngozi isiyo na doa, na mahali pa kupimia ni kwenye taya pale uso unapokutana na shingo. Usipimie mkononi, mkono wa mtu anayechoma vitumbua na uso wake haviko rangi moja. Paka mistari mitatu midogo ya rangi tatu zinazokaribiana, afu toka nje. Yale mataa meupe ya madukani yanadanganya mno, kila rangi inaonekana nzuri, kwa hiyo toka nje kivulini na kioo chako, dada ataita "mteja, mteja!", mwambie narudi. Na usiamue papohapo, zunguka kidogo, dakika 10 hivi, kwa sababu vipodozi vingi vikikauka na kukutana na mafuta ya ngozi vinakoza. Ukirudi kwenye kioo, mstari uliopotea ndo wako. Majina yaliyoandikwa kwenye tyubu usiyafuate, "toffee" ya kampuni hii na "toffee" ya kampuni ile ni watu wawili tofauti. Na kama mistari yote haijapotea, usilazimishe, chukua mbili ukachanganye nyumbani, au urudi bila kununua.

(Siku hizi tuna nafuu lakini. Zamani wenye rangi zetu ilikuwa Black Opal, ambao toka 1994 walilenga ngozi nyeusi, na wachache wengine, zaidi ya hapo unapewa "beige" unaambiwa changanya na poda ya kahawia. Rihanna alipoleta Fenty 2017 na rangi 40 kwa mpigo, wenzake nao wakaongeza za kwao, mpaka Maybelline ya Fit Me sasa hivi unapata za weusi kabisa. Fenty yenyewe mimi na wewe tutaishia kuiangalia tu kwenye simu.)

Pesa nyingine, tena kubwa kuliko zote, iende kwenye sanskrini, krimu ya kukinga jua. Usinikatalie. Utaniambia mtu mweusi haungui, kuungua na kukoza doa ni mambo mawili tofauti. Chukua iliyoandikwa SPF 30 au zaidi na "broad spectrum", yaani inakinga miale ya jua ya aina zote mbili, UVA na UVB, na kipimo ni mistari miwili, mmoja urefu wa kidole cha shahada na mmoja wa cha kati, kwa uso na shingo. Sasa kuna kitu wengi hawakijui, kwa ngozi zetu hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho unakoza melazma, na sanskrini nyingi zisizo na rangi haziuzuii huo. Unaouzuia ni ile rangi ya kahawia yenyewe, madini ya chuma wanayoyaita "iron oxides". Geuza boksi usome kule nyuma kwenye maandishi madogo, ukiona CI 77491, 77492 na 77499 ujue yamo. Yanapatikana kwenye sanskrini zenye rangi, na hata kwenye konsila na faundesheni za kahawia, ndo maana nakwambia kufunika doa si kujificha tu, unalikinga pia. Ila zile sanskrini za zinki zisizo na rangi, siku ya harusi usipake nyingi, mpiga picha akiwasha flashi uso unatoka mweupe mikono ya kahawia, picha ikae ukutani miaka.

Vilivyobaki ni vidogo. Poda ya kukazia isiyo na rangi au ya rangi yako, mkebe mdogo. Kisponji cha elfu 2 au 3 kinatosha, brashi za seti achana nazo, vidole vyako vinashinda brashi.

Sasa namna ya kupaka, fanya majaribio kabla ya siku yenyewe. Nawa uso, mafuta kidogo, subiri yakauke, sanskrini, subiri tena, hapa kwenye kusubiri ndo wengi wanaharibu maana juu ya kitu kibichi kila kitu kinajikunja vibonge. Toa chungwa kiasi cha punje ya mchele nyuma ya kiganja, liache lipate joto la mwili, afu kwa kidole cha pete gusagusa juu ya doa tu. Kugusa, siyo kusugua. Usitoke nje ya mpaka wa doa, na usifanye likawa chungwa kweli, likishaanza kuonekana kahawia yenye joto acha hapohapo. Hapo utajiangalia kwenye kioo utacheka, vumilia. Subiri kidogo lishike. Halafu konsila ya rangi yako juu yake, nayo kwa kugusagusa, ila hii ipitishe kidogo nje ya mpaka, na pembeni uyeyushe na kisponji kilicholoweshwa na kukamuliwa mpaka usijue inaishia wapi. Ukiona ujivujivu, chungwa lilikuwa dogo. Ukiona uchungwachungwa, ya juu ndo ndogo, ongeza safu nyembamba nyingine, usiongeze nene moja. Mwisho poda, uikandamize na kisponji kikavu, usiipanguse.

Juu ya mdomo paka kidogo kuliko mashavuni, pale jasho linakaa na ukicheka panajikunja.

Jambo la swala nimelifikiria. Maji hayapiti kwenye konsila, kwa hiyo shika udhu kwanza ndo upake, na kama harusi itavuka magharibi beba mafuta ya nazi kwenye kichupa na kitambaa laini, paka uso mzima, sugua taratibu, konsila inayeyuka yote, afu nawa na sabuni. Hata usiku usilale nayo, hata uchoke vipi.

Feki utazijua. Herufi zimekosewa kwenye boksi, namba ya toleo haipo au boksi na tyubu namba hazifanani, harufu kali ya kuumiza pua, na bei nusu ya maduka mengine yote. Na kuna kile kikopo kidogo kimechorwa kifuniko wazi kimeandikwa 12M au 6M, hiyo ni miezi ya kutumia tangu ukifungua, siyo pambo.

Nimepiga hesabu, sanskrini yenye rangi elfu 25 hivi, konsila mbili elfu 25, poda na kisponji zinaingia kwenye iliyobaki. Bei za Kariakoo unazijua zinavyopanda na kushuka, ikizidi kidogo ntaongezea.

Fanya hivi, kesho asubuhi toka nje kivulini, uso mkavu usiopakwa kitu, mtoto mkubwa akupige picha ya taya na shingo kwa karibu, bila filta, nasema bila filta Mama Nasra, na nyingine ya shavu lenye doa. Mwambie ashike karatasi nyeupe pembeni ili nijue kamera inadanganya kiasi gani. Nitumie hizo na pesa. Jumamosi napita mtaa wa Congo, mzigo ntaupakia basi la asubuhi ukachukue Msamvu, namba ya gari na ya konda ntakutumia. Na uniambie sare ni rangi gani, maana kama ni ile njano ya sendofu ya mwaka jana, lipstiki yako ya zambarau uiache nyumbani.

Msalimie baba Nasra na watoto.

Shoga yako wa Mbagala